Msafiri Hakwenda Peke Yake: Maneno Machache juu ya Kitabu cha Bunyan

Katika vitabu vilivyofika kwetu nyuma ya Biblia, sijui kimoja kilichosomwa na kuhubiriwa sana kuliko hadithi ya Msafiri iliyoandikwa na John Bunyan. Hata wasiojua kusoma wanaijua. Mtu amebeba mzigo mgongoni, aukimbia mji uliohukumiwa kuteketea, apita topeni, apanda mlima, apigana na adui bondeni, afungwa na jitu, kisha avuka mto na kuingia mji wa Mfalme. Kitabu kilitoka Uingereza mwaka wa 1678, kikafasiriwa kwa Kiswahili katika karne ya 19, na lugha za Afrika zilizokipokea zapata 80. Basi mtu ataniuliza, "Mwalimu, kitabu kilichokwisha kusifiwa na dunia, wewe wa Same una neno gani la kuongeza?" Neno ninalo, nami nilipewa na mama mmoja ambaye hakupita darasa la saba.

Katika kijiji chetu, upande wa milima ya Upare inayoitazama tambarare ya Same, tuna desturi ya kukutana jioni moja ya kila juma katika chumba cha shule. Mmoja husoma kwa sauti, wengine husikiliza, kisha twazungumza. Walutheri wako, Waadventista wako, na nyumba mbili tatu za Waislamu hutuma watoto wao, kwa kuwa hadithi ni tamu kwa wote. Mwaka ule tulikuwa tukisoma Msafiri. Mvua za vuli zilikuwa haba, mahindi yalikauka yakiwa na kimo cha goti, na kila mtu alikuja na mawazo yake moyoni. Tulifika mahali ambapo Mkristo, ndilo jina la msafiri, atoka nyumbani kwake. Mkewe na watoto wamwita arudi, naye aziba masikio kwa vidole, apiga mbio, alia kwamba autafuta uzima.

Hapo akainuka mama aliyemzika mwanawe wa miaka sita katika mwezi wa Machi. Akasema, "Mwalimu, nisamehe. Mtu huyu mwamsifu ninyi, lakini mimi niko pamoja na wale waliobaki mlangoni. Je, wao nani aliwabebea mzigo wao?" Akajifunga khanga yake vema, akatoka. Miezi mitatu hatukumwona.

Baadaye nikajua sababu. Siku za matanga, mzee mmoja alimwendea kumfariji, akamwambia kwamba kulia sana ni dalili ya kukosa imani, na ya kuwa Mkristo wa kweli hufurahi katika taabu. Akamtolea mfano wa Msafiri, asiyegeuka nyuma. Mzee yule si mtu mbaya. Alitaka kumtia nguvu, akamwongezea mzigo.

Kwa ajili ya neno hilo nimekirudia kitabu chote, tangu mwanzo hata mwisho, nipate kujua kama Bunyan ndiye aliyefundisha hivyo, au sisi tumemtia maneno kinywani. Nimeona makosa matatu. Moja ni la mwandishi, moja ni la ramani aliyoichora, na la tatu, lililo kubwa kupita yote, ni letu sisi tusomao. Lakini kabla ya kumlaumu mtu, imetupasa kumjua, na kumpa sifa iliyo haki yake.

John Bunyan alizaliwa mwaka wa 1628 katika kijiji cha Elstow, karibu na mji wa Bedford. Baba yake alikuwa fundi wa kuziba vyungu na masufuria yaliyotoboka, naye akairithi kazi hiyo. Hakusoma katika chuo kikuu. Mwezi wa Novemba 1660 alikamatwa kwa kuhubiri pasipo ruhusa ya serikali, akafungwa Bedford, akakaa kifungoni miaka 12, hata 1672. Alikuwa na watoto wanne kwa mkewe wa kwanza, aliyekwisha kufa, na mmoja wao, binti aitwaye Mary, alikuwa kipofu. Mkewe wa pili, Elizabeth, alisimama mbele ya mahakimu mwaka wa 1661 kumwombea, asifanikiwe. Gerezani Bunyan alitengeneza kamba za viatu, zikauzwa, nyumba ikapata chakula. Tena tukumbuke ya kuwa mlango wa gereza ungalifunguliwa kama angaliahidi kuacha kuhubiri. Neno moja tu lingalimrudisha kwa watoto wake. Hakulisema. Lakini katika kitabu kingine, alichokitoa mwaka wa 1666 juu ya maisha yake mwenyewe, aeleza wazi jinsi moyo wake ulivyoraruka kwa ajili ya mke na watoto, na hasa kwa ajili ya yule kipofu.

Basi mtu huyu hakuandika habari za taabu akiwa ameketi kivulini. Ndiyo maana taabu alizozichora zina uzito wa kweli, na hapa naanza kumsifu.

Kwanza, asema kweli juu ya kupanda mlima. Msafiri afikapo chini ya Kilima cha Taabu, akuta chemchemi. Anywa kwanza, ndipo apande. Mwanzo apiga mbio, kisha aenda kwa miguu polepole, mwisho atambaa kwa mikono na magoti. Wenzake wawili, waliopenda njia laini za kuuzunguka mlima, wapotea. Sisi wa Upare hatuhitaji mfasiri wa mahali hapo. Aliyetoka Same mjini kwa miguu hata Mbaga, jua la tambarare likimchoma kisogoni, ajua ya kuwa nguvu ya mguu wa kwanza si nguvu ya mguu wa mwisho. Bunyan hasemi kwamba Mkristo alipanda akiimba. Alitambaa. Wala mwandishi hakumwonea haya kwa kutambaa.

Pili, asema kweli juu ya kukata tamaa. Mkristo na mwenziwe, ambaye kwa Kiswahili chetu twaweza kumwita Mwenye Tumaini, walikamatwa na jitu na kufungwa katika Ngome ya Mashaka. Walikaa gizani tangu Jumatano asubuhi hata Jumamosi usiku, pasipo chakula wala maji. Jitu liliwapiga, kisha likawashauri wajiue. Na Mkristo, shujaa wa kitabu, aliyekwisha kuuona msalaba na kutuliwa mzigo wake, alianza kuliwaza shauri hilo! Katika vijiji vyetu wako watu waliofikiri hivyo usiku, asubuhi wakaja kanisani wakakaa kimya, kwa kuwa wadhani hakuna Mkristo mwingine aliyewahi kuwaza jambo kama hilo. Kitabu hiki chawaambia kwamba yuko. Sifa hii ni kubwa, nami sioni vitabu vingi vya faraja vinavyostahili kuipata.

Tatu, tuutazame ule ufunguo. Wahubiri wapenda kusema kwamba Mkristo alikuwa na ufunguo kifuani muda wote, jina lake Ahadi, naye akaufungua mlango mara alipoukumbuka. Ni kweli. Lakini wanaruka yaliyotangulia. Kabla ya ufunguo, Mwenye Tumaini alimzuia ndugu yake asijidhuru, akamkumbusha safari waliyoipita, mara moja na mara ya pili. Kisha waliomba pamoja usiku ule tangu saa sita hata karibu na mapambazuko. Ndipo ufunguo ukakumbukwa. Kama Mkristo angalifungwa peke yake, naona ufunguo ungalioza pamoja naye. Ahadi ya Mungu ilikuwa kifuani mwake, ila kumbukumbu yake ilitunzwa kwa subira ya mwenziwe.

Hizo ndizo sifa. Sasa nageukia makosa.

Kosa la kwanza ni la mwandishi: ni kule kuziba masikio. Najua watu watanijibu kwa Luka 14, mahali Bwana anenapo juu ya kumpenda yeye kuliko baba na mama, mke na watoto. Neno hilo silipingi. Najua tena ya kuwa Mkristo alizungumza na jamaa zake kabla ya kuondoka, akalia mbele yao, nao wakamdhihaki. Zaidi ya hayo, mbele kidogo, afikapo katika jumba la mapumziko, dada mmoja amwuliza mbona hakuja na mkewe na watoto, naye Mkristo aangua kilio. Machozi yale yamo kitabuni. Lakini mwandishi ni kama mchoraji: akiiweka sura moja mlangoni kwa rangi nyekundu na nyingine chumba cha ndani kwa mkaa, asishangae watu wakiikumbuka ile ya mlangoni. Vidole masikioni vimechorwa kwa rangi nyekundu. Machozi ya jumbani yamechorwa kwa mkaa. Kwa hiyo wasomaji wengi wamechukua kwamba imani yaanza pale mtu asiposikia tena kilio cha jamaa yake. Bunyan mwenyewe, aliyetengeneza kamba gerezani ili binti yake kipofu ale, hakuishi hivyo. Katika jambo hili maisha yake yafundisha vizuri kuliko hadithi yake.

Na maisha ya wazee wetu yafundisha vivyo hivyo. Wamisioni wa Leipzig walifika Shigatini mwaka wa 1900, na wa Kiadventista wakafika Giti mwaka wa 1903. Vita kuu ya kwanza ilipokwisha, Wajerumani wa Leipzig walitolewa nchini mwaka wa 1920. Makundi ya Wakristo wa Uchaga, Meru na Upare yalibaki mikononi mwa walimu na wainjilisti Waafrika, mpaka msaada ulipokuja tena kutoka ng'ambo. Dunia ilikuwa imetoka katika vita na homa kuu ya 1918. Walimu wale wangaliweza kusema, "Sisi twautafuta uzima wetu, kila mtu na njia yake." Hawakusema. Walibaki na watoto wa shule, wajane, na wagonjwa. Imani yao ilikuwa kufungua masikio wasikie nani aita.

Kosa la pili ni la ramani. Katika nchi aliyoichora Bunyan, kila ubaya una jina lake na mahali pake. Tope ni tope, jitu ni jitu, na adui wa bondeni ana magamba na mabawa, hata mtoto aweza kumtambua. Msafiri akipatwa na mabaya, mara nyingi ameiacha njia: alilala mahali pasipofaa, au alipita shamba la mwenyewe ili akwepe mawe. Haya yafaa kwa kufundisha watoto. Lakini nchi yetu haikuumbwa hivyo.

Sikilizeni. Novemba 2009 mvua kubwa ilinyesha upande wa Mamba Myamba, katika wilaya yetu ya Same. Mlima ukaporomoka katika kijiji cha Goha, ukafunika nyumba na waliokuwa ndani. Watu zaidi ya 20 walikufa. Mvua ile haikuwa jitu. Ni mvua ile ile tunayoiomba kila vuli, iwajazayo wakulima ndiva zao, ioteshayo tangawizi, migomba na maharage. Na mwaka isipokuja, kama mwisho wa 2021 na mwanzo wa 2022, ng'ombe wa Simanjiro na wa tambarare zetu hufa kwa mamia, mizoga ikalala kando ya njia. Mvua yawaua watu ikija na yawaua wanyama isipokuja. Katika ramani ya Bunyan, ni mahali gani nitakapoiweka mvua hii? Sipaoni.

Hatari yake ni hii. Mtu aliyelelewa kwa ramani ile peke yake, akiona msiba, huuliza, "Ni nani aliyeiacha njia?" Ndilo swali la rafiki zake Ayubu, ambao Mungu mwenyewe mwishoni mwa kitabu aliwakemea. Nalo ndilo swali alilolisikia mama yetu katika siku za matanga, ingawa lilivikwa nguo ya faraja: mwanawe amekufa kwa homa, naye achunguzwa kana kwamba imani yake ndiyo iliyougua. Wale wa Goha hawakuiacha njia. Walikuwa vitandani mwao. Kuwatumainisha waliobaki si kuwaonyesha walipokosea. Ni kukubali kwamba hatujui, na kubaki nao mahali pale pasipo jina katika ramani.

Kosa la tatu ni letu. Tumekisoma kitabu nusu. Karibu kila niliyemwuliza hapa kwetu aijua sehemu ya kwanza tu. Lakini mwaka wa 1684, miaka sita baada ya ile ya kwanza, Bunyan alitoa sehemu ya pili, na humo mwandishi ajisahihisha mwenyewe. Mke wa Mkristo na wanawe wanne, wale waliobaki mlangoni, nao wasafiri. Hawaendi peke yao. Jirani msichana afuatana nao, wapewa kiongozi mwenye moyo mkuu, na njiani waongezeka: mmoja mwenye magongo, mmoja dhaifu wa akili na mwili, mzee mmoja mwenye huzuni pamoja na binti yake mwoga. Mwendo wao ni wa polepole, kwa kuwa wamngojea aliye nyuma. Na lile jitu la Ngome ya Mashaka, ambalo Mkristo aliponea kwa kukimbia tu, hawa waliliua, wakaibomoa ngome yake kwa siku saba, wakawatoa yule mzee na binti yake waliokuwa wamefungwa humo. Ndipo wakafurahi, hata mwenye magongo akacheza ngoma na yule binti, gongo moja mkononi. Msomaji, uone ni nani waliocheza. Hawakuwa watu wasiojua huzuni. Binti yule alikuwa ametoka tu kutolewa gerezani mwake.

Hapa imenipasa kujibu hoja moja yenye nguvu. Katika sehemu ya kwanza, msafiri afikapo mtoni, yaani mauti, aambiwa kwamba kina cha maji hutegemea imani ya mtu kwa Mfalme. Wale wasemao kwamba mwenye huzuni amekosa imani waweza kuushika mstari huo na kusema, "Tazama, Bunyan yuko upande wetu." Nami nawajibu: geuzeni ukurasa. Mkristo aingia majini, azama, macho yake yaingia giza, alia kwamba hataiona nchi ile. Mwenye Tumaini ndiye aliyekanyaga chini pakamshika, naye akiinua kichwa cha ndugu yake juu ya maji. Wakatoka wote wawili, wakapokewa kwa mlango mmoja. Hakuna aliyemwambia Mkristo pale mlangoni, "Wewe ulizama, ngoja kwanza."

Kisha sehemu ya pili yavunja hoja yote. Humo yasimuliwa habari za mtu mmoja mwoga kupita wote, aliyelala muda mrefu kando ya tope akiogopa kulivuka, aliyetetemeka kila penye mlango. Siku yake ya mto ilipofika, maji yalikuwa yamepungua kuliko siku zote kiongozi alizoyaona. Alivuka akilowa nyayo tu. Basi shujaa alizama, na mwoga alivuka kwa miguu. Kama kina cha maji kingalipimwa kwa ushujaa wetu, haya yasingaliandikwa. Bunyan alikuwa amekwisha kuzeeka kidogo, amezika wapendwa, akaona kwamba kipimo si moyo wetu ulivyo mgumu, bali ni rehema ya Mfalme amwonaye aliye dhaifu.

Na Maandiko yasema namna hiyo hiyo. Nabii Habakuki, katika sura ya 3, afikia furaha kweli. Lakini kwanza ahesabu hasara zake moja moja, miti, mashamba na mazizi, wala hafichi hata moja. Paulo na Sila waliimba katika gereza la Filipi usiku wa manane, lakini waliimba wawili, tena wafungwa wengine wakiwasikiliza. Na Bwana wetu mwenyewe, katika Yohana 11, alilia kabla ya kufika penye kaburi la Lazaro, naye alijua atakalolitenda dakika chache baadaye. Ikiwa yeye ajuaye mwisho alilia, tumkataze nani asiyeujua?

Ndugu walimu na wazee wa kanisa, naomba mniruhusu mfano wa kwetu. Wazee wetu walijenga ndiva milimani. Maji ya kijito ni machache. Yakiachwa yapite hayafiki shambani. Basi usiku huzibwa, yakakusanyika polepole, na asubuhi hufunguliwa yakashuka katika mifereji kwa zamu. Ndiva haijengwi na mtu mmoja, wala haizibuliwi na mtu mmoja. Udongo ukijaa, hupigwa mbiu ya msaragambo, kila nyumba ikatoa mtu na jembe. Mgonjwa hatoki, lakini zamu yake ya maji haifutwi. Nimeona kwamba furaha ya Kikristo katika siku ngumu ni kama ndiva. Hujaa usiku, wakati mtu haoni kitu, kwa tone la sala hii na tone la ziara ile. Asiyeweza kuchimba leo hunywa maji yaliyochimbiwa na wenzake. Wazee wetu waliposhuka Same kwa maelfu mwaka wa 1945 kuikataa kodi ya mbiru, hawakuwa na nguvu nyingine ila hiyo ya kukaa pamoja. Hatuwezi kuijua nguvu hiyo katika mambo ya maji na ya kodi, kisha tuisahau katika mambo ya imani, tukamwacha mfiwa akatafute furaha yake peke yake.

Nirudi kwa yule mama. Hakurudi kwa sababu ya hotuba yangu, maana sikumpa hotuba. Kina mama watatu wa jirani walikwenda kwake kila juma, mmoja akimtekea maji, wawili wakilima naye shamba la maharage. Walipotaka kulia, walilia pamoja. Miezi mitatu ilipokwisha wakaja naye shuleni, akaketi karibu na mlango.

Jioni ile nilikuwa nikiwahadithia sehemu ya pili, ambayo mimi nimeisoma kwa Kiingereza. Nilifika penye mto, zamu ya yule mzee mwenye huzuni na binti yake mwoga. Kitabu chasema ya kuwa binti aliingia majini akiimba, lakini hakuna aliyeweza kufahamu maneno yake. Bunyan haongezi neno. Chumba kilikuwa kimya. Ndipo mama yule akauliza, "Mwalimu, huyo binti ndiye yule aliyekuwa amefungwa ngomeni?"

Nikamjibu, "Ndiye, mama."

Akasema, "Na aliingia mjini?"

Nikasema, "Aliingia."

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi soma tena hapo." Nikasoma tena. Tangu siku hiyo hajakosa jioni hata moja, ingawa bado kuna siku alizo na machozi, wala hakuna amwulizaye sababu.

Kwa hiyo hukumu yangu juu ya kitabu hiki ni hii. Kisomwe, kwa maana kina kweli nyingi, nacho kiliandikwa na mtu aliyeilipia kweli hiyo kwa miaka 12. Lakini kisisomwe nusu, wala kisitumiwe kama fimbo ya kuwapigia walio na huzuni. Mfasiri yeyote Mkristo mwenye nguvu na awape vijiji vyetu sehemu ya pili kwa Kiswahili chepesi na kwa bei ndogo, maana ndiyo inayotuhusu zaidi. Na wewe msomaji, ukisikia msiba kwa jirani, kabla hujachukua kitabu, chukua jembe lake au ndoo yake. Maneno ya furaha yatakuja kwa wakati wake, na huenda yakaanzwa na mfiwa mwenyewe.